Wimbo wa Kunizikia

Neiafu, Vavaʻu
6 Februari 1984

Dada yangu mheshimiwa Kalolaine,

Salamu nyingi. Desturi inataka niandike kwamba mimi ni mzima na hofu ni kwako uliye mbali huko Auckland. Safari hii mimi si mzima, na hofu yote iko hapa. Daktari amenisikiliza moyo, akanisikiliza tena, kisha akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia mke wangu alitangulia bila kuniachia mtoto, lakini nina bendi. Akasema nipunguze chumvi, nyama ya nguruwe na hasira. Chumvi nimepunguza.

Basi nimeanza kupanga mazishi yangu, maana nikiwaachia hawa watu wataharibu. Wewe ndiye dada mkubwa, wewe ndiye utakayekaa kichwani pa maiti yangu kama ilivyo desturi, na neno lako hakuna wa kulipinga, hata mchungaji. Kwa hiyo nakuandikia maagizo ili uyatoe kama yako.

Mchungaji anataka kwaya yake iimbe njia nzima. Kwaya yake ina besi watatu na wote wanakohoa. Waimbe kanisani tu, nyimbo mbili, wakae. Kutoka kanisani hadi makaburini ni bendi peke yake. Maka, yule niliyemkabidhi kifimbo nilipostaafu, ameingiza saksafoni katika bendi ya matarumbeta niliyoilea miaka arobaini. Saksafoni hiyo isinikaribie. Isisimame hata ng'ambo ya barabara.

Na wimbo ni mmoja: Machi ya Penisimani, wimbo wangu wa gwaride. Upigwe polepole, hatua moja kwa pumzi moja, kama tulivyompeleka Mama mwaka 1951. Unakumbuka? Barabara nzima ililia, wanaume kwa wanawake. Tangu siku hiyo hapa Vavaʻu mtu hajazikwa vizuri kama hakuzikwa kwa wimbo ule.

Humu ndani kuna bahasha ndogo niliyoibandika. Usiifungue. Nikishateremshwa kaburini, uifungue uisome mbele ya watu wote.

Nijibu upesi. Daktari hakutaja siku.

Mdogo wako,
Penisimani


Ōtāhuhu, Auckland
27 Februari 1984

Penisimani,

Bahasha nimeifungua. Ulitegemea nini? Unampa mwanamke wa miaka sabini na minne bahasha, unamwambia asifungue, tena umeibandika kwa uji wa muhogo.

Nimesoma mara mbili, nikavua miwani, nikaisafisha, nikasoma tena. "Wimbo si wangu. Ni wa Feleti Mahe wa Haʻapai, aliyepiga tarumbeta nasi miezi minane mwaka 1938. Alipoondoka aliuacha ubaoni umeandikwa kwa namba zetu za muziki, nami nikaunakili, nikauwekea jina langu. Mungu na watu wa Vavaʻu wanisamehe."

Watu wa Vavaʻu watakusamehe! Wewe umelala zako, umefunikwa mikeka, maua kifuani, hakuna anayeweza kukuuliza swali. Na mimi ndiye nisimame pale juani, mbele ya watu waliovaa nyeusi, niseme jamani, huyu mnayemlilia alikuwa mwizi, karibuni chakula. Aibu uliyoikimbia miaka arobaini na sita umeifunga vizuri ukaniletea mimi niibebe, kwa posta.

Wewe ndivyo ulivyo tangu utotoni. Ulivunja bakuli la Mama, ukalifukia, ukaniambia nimwonyeshe mahali ulipolifukia ukishalala.

Feleti amekufa, lakini mkewe Vika yuko Pangai, mzima, ana meno yake yote. Nilionana naye hapa Auckland mwaka jana, alikuja kumtazama mjukuu. Mwandikie. Mwambie yote ungali hai. Ukifanya hivyo, nitakupangia mazishi utakavyo, na saksafoni nitaifungia chooni kwa mkono wangu. Usipofanya, naapa nitawaita hao wenye kikohozi wakuimbie toka kanisani hadi kaburini na kurudi.

Najua utauliza nitakuja lini. Mwaka huu siji. Nina mambo ya hospitali hapa. Si yangu, ni ya jirani yangu mmoja Msamoa, namsindikiza kila Jumanne.

Kula mboga.

Dada yako,
Kalolaine


Neiafu
16 Machi 1984

Dada mheshimiwa,

Ungekuwa si dada yangu, hapa ningeandika neno. Kwa kuwa ni dada yangu, nimeacha nafasi:



Umeiona? Haya.

Unasema nimwandikie Vika kana kwamba ni kumwandikia mtu akuletee mbegu za viazi. Nitaanzaje? Wimbo ule umezika machifu. Umezika wachungaji wanne. Watu hunisimamisha njiani wanasema, Penisimani, nikifa usiniache. Mama mmoja alinipa nguruwe mzima ili nimwahidi. Leo niseme nini?

Na usidhani nilikusudia kuiba. Feleti alipanda meli asubuhi, wimbo ukabaki ubaoni, bila jina. Mtu wa kwanza kuusikia aliniuliza, "Penisimani, huu umetunga wewe?" Nilikuwa na tarumbeta mdomoni. Nikatikisa kichwa. Sikumbuki nilitikisa upande gani, lakini yeye alielewa ndiyo, na mimi sikumsahihisha. Kesho yake ikawa tabu kidogo kumsahihisha. Baada ya mwaka ikawa haiwezekani.

Nimeandika kurasa nne nikazichana. Nimeandika nyingine nne. Nimezitia kwenye meli jana, na tangu jana moyo unapiga kama Maka anayepiga ngoma: bila mpango. Nikifa kabla ya jibu, ujue ni wewe.

Huyo jirani yako Msamoa hana watoto wa kumpeleka hospitali? Wasamoa wana watoto wengi.

Mdogo wako,
Penisimani


Pangai, Haʻapai
20 Aprili 1984

Bwana Penisimani,

Barua yako ya kurasa nne nimeipata. Nilidhani kuna mtu amekufa. Nilimwita binti yangu akae karibu yangu kabla sijaifungua. Ukurasa wa kwanza unaomba radhi, wa pili unaomba radhi, wa tatu hausomeki, na wa nne ndipo unaposema umefanya nini. Siku nyingine anza na wa nne.

Feleti alijua. Mwaka 1963 tulikuwa tunapasua nazi, redio iko dirishani, wakatangaza mazishi ya mkubwa mmoja huko kwenu, kisha bendi ikaanza. Feleti akaacha panga. Akasikiliza. Akasema, "Vika, huu si wimbo wangu?" Nami nikasikiliza, nikasema, "Ndio wenyewe, lakini una ugonjwa gani?" Bwana, mume wangu alianguka palepale. Nilidhani ni kiharusi, kumbe anacheka. Alicheka hadi nazi zote zikabaki.

Sasa nikuambie ambalo hukulijua, maana hukuwahi kumuuliza. Siku ya harusi yetu mwaka 1937 nguruwe mkubwa wa karamu alikata kamba, akapita katikati ya wageni na utepe mwekundu shingoni, akaingia kanisani kwa mlango huu akatokea kwa ule. Baba yangu mbele, mchungaji nyuma, bwana harusi na viatu mkononi. Feleti alitunga wimbo juu ya mkimbio ule. Namba zile za juu ni nguruwe. Zile za besi ni baba yangu, alikuwa mnene. Pale katikati panaposimama kidogo, ambapo nasikia watu wenu hulia sana, pale nguruwe amekwama kwenye ua wa miti.

Wizi wako tulikusamehe zamani. Lakini kuuburuta vile! Wimbo wa kukimbia umeufanya wa kubeba jeneza. Hilo Feleti aliniambia nikionana nawe nikugombeze, na leo nimekugombeza.

Nisalimie dada yako. Nilimpenda sana. Anaendeleaje na ugonjwa wake?

Vika Mahe


Neiafu
2 Mei 1984

Dada mheshimiwa,

Umefurahi sasa?

Nakutumia barua ya Vika uisome mwenyewe, maana mkono wangu unakataa kuandika neno lile. Ni nguruwe, Dada. Miaka yote hii nimetembea mbele ya majeneza nimevaa glavu nyeupe, uso nimeukunja, na nyuma yangu watu ishirini wanapuliza nguruwe.

Nilikwenda ukumbi wa bendi nikawaambia yote, kama ulivyotaka, ningali hai. Nilisimama mbele yao nikasema wimbo si wangu. Wengine walitazama chini. Mzee wa tarumbeta la besi alifuta machozi, akasema kukiri ni uanaume. Hapo ningenyamaza ningekuwa shujaa. Nikaendelea, nikawasomea habari za harusi. Maka alianza kutetemeka mabega. Kisha akakaa juu ya ngoma kubwa, na ngoma ikapasuka. Sasa hatuna ngoma.

Mchungaji ameniita. Ameuliza kwa upole kama najua kwamba mtangulizi wake alizikwa kwa wimbo ule. Nikamjibu najua, nilikuwa mbele. Akaniuliza tufanye nini. Mimi ndiye mwizi, yeye ndiye mtumishi wa Mungu, na ananiuliza mimi!

Najua unachowaza, nami nakiwaza usiku na mchana. Mama.

Tena Vika anauliza habari za ugonjwa wako. Ugonjwa gani? Nimemwambia amechanganya, ni wa jirani yako.

Penisimani


Ōtāhuhu
21 Mei 1984

Penisimani,

Nilishika mkono wa Mama hadi mwisho. Nilimwosha, nikampaka mafuta, nikamsindikiza hadi kaburini nikiwa na mimba ya miezi saba. Pale katikati wimbo uliposimama kidogo nilidhani mbingu zimefunguka zimpokee. Miaka thelathini na mitatu nimeishi na dakika ile. Nikiwa na huzuni kiwandani nilikofanya kazi niliivuta kichwani, nikafua nayo nguo, nikalelea nayo watoto.

Na leo naambiwa ni nguruwe amekwama kwenye ua.

Wimbo ule nisiusikie tena mahali popote nilipo, wala kwako, wala kwa mwingine. Kwa mazishi yako chagua wimbo mwingine au uzikwe kimya.

Vika amechanganya, ndiyo. Mwandiko umelegea kwa sababu naandikia kitandani, nina mafua.

Kalolaine


Neiafu
13 Juni 1984

Bi Vika,

Naanza na ukurasa wa nne, kama ulivyonifundisha. Dada yangu amekufa.

Telegramu ilifika jana kutoka kwa mwanawe. Ini. Mwaka mzima na zaidi. Ile safari ya hospitali ya kila Jumanne ilikuwa yake. Hakuna Msamoa. Nimemuuliza mwanawe kwa simu ya posta, nikipiga kelele, watu wote kwenye foleni wakisikia, "Kwa nini hamkuniambia?" Akasema, "Mjomba, Mama alitukataza. Alisema una moyo mbovu na maneno mengi."

Wewe ulijua. Sikulaumu. Nakulaumu kidogo.

Nimemjazia barua kwa habari za mazishi yangu, Bi Vika! Besi wanaokohoa, saksafoni, hatua moja kwa pumzi moja. Na yeye alikuwa anasoma hayo kitandani. Kwa nini hakunigombeza? Alinigombeza, lakini si kwa hilo.

Wanamleta kwa ndege hadi Tongatapu, kisha meli. Ijumaa itakuwa hapa. Maka amekuja, kofia mkononi, kuniuliza, "Mzee, tumpigie nini Shangazi?" Sijui. Nina karatasi tatu zimejaa maagizo ya muziki wa mazishi yangu mwenyewe, na wa dada yangu sijui hata wimbo mmoja. Sikumuuliza. Alikuwa akinisikiliza mimi.

Ninalolijua ni moja tu: ule hautaki. Alilisema waziwazi. Nimewaambia bendi kwamba yeyote atakayegusa hata namba yake ya kwanza nitamvunjia tarumbeta.

Penisimani


Neiafu
9 Julai 1984

Bi Vika,

Tulimzika tarehe 18. Bendi ilitembea na ala kwapani, bila kupuliza. Kinamama ndio walioimba, njia nzima, na hao wenye kikohozi wakawafuata kwa sauti ya chini, na Mungu anisamehe, waliimba vizuri. Mimi nilitembea nyuma nikiwa sina kifimbo. Sikujua mikono niiweke wapi. Nilisema moyoni, angalau nimemtii.

Tarehe 27 posta wakaniita. Barua ya Auckland, imezunguka siku ishirini na tatu, muhuri wa Fiji juu yake, sijui ilifuata nini Fiji. Jeneza lilipanda ndege likafika, karatasi ikachelewa. Nakunakilia neno kwa neno, maana nikikutumia yenyewe itazunguka tena.

"4 Juni. Mdogo wangu. Nilikuandikia kwa hasira, na hasira ilinishika wiki nzima. Jumanne iliyopita nilikuwa nimelazwa, wamenichoma sindano, nauguza uchungu, nikajaribu kuivuta ile dakika ya Mama kama nilivyozoea. Nikaivuta, na badala ya mbingu akatokea nguruwe. Ana utepe mwekundu. Amekwama kwenye ua, anasukuma kwa makalio. Nilicheka hadi muuguzi akaja mbio, akadhani ndio mwisho. Nikamweleza, naye akacheka, akawaeleza wenzake. Sasa kila asubuhi wananiuliza nguruwe ametoka?

"Kisha nikamkumbuka Mama kweli, si yule wa kwenye jeneza. Mama aliyekuwa akikimbiza nguruwe wa jirani kwa ufagio na kutukana hadi Baba anafunga madirisha. Nani angecheka kuliko yeye? Mimi na wewe ndio tuliomfanya mtakatifu. Yeye hakuomba.

"Jirani Msamoa hayupo. Mimi ndiye. Nimekuficha kwa sababu ungekuja, na ukija ungewapangia wauguzi kazi. Usilie sana, una moyo.

"Nikifika huko, nipigie huo wa nguruwe. Kwa mwendo wake. Saksafoni nayo ipigwe, mwanangu ananiambia inafaa sana kwa mlio wa nguruwe. Mimi ndiye dada mkubwa na hili si ombi. Kalolaine."

Bi Vika, niliisoma nimesimama pale kwenye kaunta ya posta. Karani akaniuliza, "Mzee, ni habari mbaya?" Nikamwambia ni dada yangu, amenigombeza. Akasema, "Lakini dada yako tulimzika." Nikamwambia ndiyo, na bado.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Maka. Alikuwa anakula. Nikamwambia, "Inuka, chukua saksafoni." Akanitazama kama mtu anayetafuta mtego. Akasema, "Mzee, umesema utatuvunjia." Nikasema, "Nimesema hivyo nilipokuwa mjinga. Inuka!"

Ilikuwa siku ya kupamba kaburi, kinamama wako pale wanapanga kokoto nyeupe na nyeusi. Tukaingia watu ishirini na mmoja, tukiwa na ngoma ya kuazima. Mchungaji akasimama getini. Nikampa barua. Aliisoma, akairudia sehemu fulani, akanirudishia, akasema, "Dada mkubwa akishasema, mimi ni nani?" Akabaki palepale getini, lakini tulipopiga nilimwona mguu wake ukigonga chini.

Mara ya kwanza tulishindwa. Mikono yetu imezoea kuburuta. Maka alikuwa anatangulia, besi wanabaki nyuma, nguruwe anakwenda huku na baba yako anakwenda kule. Nikawapigia kelele mbele ya kaburi la dada yangu, nikawaita majina ambayo mbele yake nisingeyataja akiwa hai. Mara ya tatu ukashika. Bi Vika, sikuwahi kuusikia wimbo ule. Nimeupiga maisha yangu yote na sikuwahi kuusikia. Kinamama waliacha kokoto. Mmoja akaanza, kisha wote, wakicheza kati ya makaburi, wamejifunga mikeka ya msiba kiunoni. Mimi nililia nikacheka, sikujua kipi ni kipi, na moyo ulipiga vibaya kabisa lakini ulipiga kwa mwendo wa wimbo.

Sasa sikiliza balaa lililonipata. Tulipokuwa tunafunga ala, akaja Meleane, mjane wa mwalimu mkuu wa zamani. Akanishika shati. "Penisimani, mume wangu mlimpigia huo polepole mwaka 1972." Nikasema ndiyo, Mama, unisamehe. Akasema, "Sitaki radhi. Njooni mumpigie vizuri. Alikuwa anapenda kucheza." Nikasema tutaona. Akasema, "Utaona nini? Yuko pale, kaburi la tano." Tukampigia.

Jumatatu walikuja watu wanne nyumbani kwangu. Jumanne, saba. Mama aliyenipa nguruwe ni mzima bado, lakini amekuja kubadilisha ahadi. Mchungaji ameleta karatasi kwa aibu, ina majina ya watangulizi wake wote wanne. Kuna mzee mmoja amekataa kabisa, anasema baba yake alizikwa kwa heshima na abaki na heshima yake. Huyo nimempa mkono, nimemwelewa. Wengine wote wanapanga mstari. Mtu anatoka kisiwa cha pili kwa mashua kuniambia kaburi liko juu ya kilima, njia mbovu, mje na maji.

Na kwenye kaburi la Mama tulikwenda Jumapili baada ya ibada, mimi na bendi tu. Hayo sitakuandikia.

Yamebaki makaburi arobaini na moja. Kila Jumamosi tunamaliza mawili, matatu kama yanapakana. Daktari amenikuta nikipanda kilima, tarumbeta mgongoni, akaniuliza kwa ukali nimefikiria nini kuhusu moyo wangu na mambo yale tuliyozungumza. Nikamwambia asubiri, nina kazi mpaka karibu na Krismasi.

Umeniuliza na mimi nataka nipigiwe nini. Karatasi zangu zile tatu za mazishi nimeziandikia ratiba ya makaburi kwa nyuma. Jumamosi hii tunaanza na mchungaji wa kwanza, saa mbili asubuhi, na Maka hajui kuamka.

Wako,
Penisimani